Riziki yake iko mikononi mwa nani? Kuzuia ukatili dhidi ya mabinti wachuuzi

Kila inapovuma habari ya binti mchuuzi aliyetomaswa stendi au kupigwa sokoni, mjadala huhamia kwenye tabia. Kwanza tabia yake: alivaa nini, alikuwa anatafuta nini barabarani saa ile, kwa nini hakumjibu mteja kwa upole. Kisha tabia ya aliyemdhuru: mhuni, mlevi, hana malezi. Mjadala ukiisha, beseni linarudi kichwani na kesho yake mambo ni yale yale.

Naona tunatazama pasipo. Ukatili dhidi ya wasichana wanaouza barabarani hauzuki ovyo. Una saa zake na sehemu zake, na mara nyingi hutokea pale ambapo mauzo ya siku nzima yanategemea ridhaa ya mtu mmoja: mwenye mzigo, dereva wa bodaboda, mgambo, mgawa vizimba (nafasi za kuuzia sokoni), mkopeshaji, au mwanamume wa nyumbani. Mtu huyo anajua anategemewa, na anajua binti hathubutu kumuudhi. Anayetaka kuzuia ukatili huu aanzie hapo: apunguze idadi ya watu wanaoweza kumnyima binti riziki yake kwa neno moja. Kazi hiyo inapangika, na sehemu yake imeshajaribiwa hapa Tanzania.

Tuifuate siku yake Dar es Salaam.

Anayeuza ndizi mbivu au matango hutakiwa awe Mabibo au Temeke Stereo kabla jua halijatoka, kwa sababu mzigo mzuri huondoka mapema. Anayekaanga samaki huwahi mnada wa Feri. Saa kumi na moja alfajiri daladala bado ni chache, hivyo wengi hupanda bodaboda: giza, njia za mkato, dereva wasiyemjua, na mtaji wote umefungwa kwenye kitambaa kifuani. Wenye uzoefu wamejiwekea kinga zao. Wapo walio na dereva mmoja wa kudumu anayejulikana mpaka kwao, na wapo wanaochangishana nauli ya bajaji wakaenda watatu. Binti aliyeingia mjini juzi kutoka mkoani, labda baada ya kuacha kazi za ndani, hana dereva wala wenzake.

Akifika sokoni anakutana na mali kauli. Asiye na mtaji hupewa mzigo asubuhi kwa maneno tu, auze, alete pesa jioni. Hakuna karatasi wala riba. Biashara nyingi ndogo za mji huu zilianza hivyo, na wako wauzaji wa jumla wengi wanaoifanya kwa haki kabisa. Lakini mvua ikinyesha, mzigo ukilala, au beseni likichukuliwa na mgambo, jioni inakuwa na upungufu.

"Bosi, imepungua elfu nane. Kesho namalizia."

"Usijali, mrembo. Hiyo elfu nane subiri nikifunga, tutaongea."

Waliokaa jirani wameelewa, na binti naye ameelewa. Hajatukanwa wala hajapigwa, hana jeraha la kuonyesha kituo cha polisi. Akikataa, kesho hana mzigo, na sifa ya kuwa mdaiwa msumbufu itamtangulia kwa wenye mzigo wengine wa upande ule. Akikubali, bei imeshawekwa, na itarudiwa kila mvua itakaponyesha. Mazungumzo ya dakika moja kama hayo, kwa maoni yangu, yanatufundisha kuhusu ukatili huu kuliko habari za matukio makubwa zinazofika magazetini, kwa sababu ndiyo yanayoyatangulia.

Barabarani kuna vurugu za wazi zaidi. Abiria anamshika mkono dirishani na haachii. Mwingine anachukua maji na karanga, gari linaondoka, pesa haijatoka. Wapo wanaoomba namba ya simu kwanza ndipo wanunue, na wakinyimwa wanamwaga matusi ya nguoni mbele ya stendi nzima. Muuza duka akikasirika hufunga mlango. Anayetembeza hana mlango wa kufunga, na akipaza sauti huonekana mkorofi na kupoteza wateja wengine watano waliokuwa wanatazama.

Kisha kuna mgambo. Sheria ndogo za halmashauri zinampa mamlaka ya kumwondoa mchuuzi sehemu isiyoruhusiwa. Akikamata bidhaa, anatakiwa aziandike na kuzifikisha ofisini ili mwenyewe alipe faini na kupewa stakabadhi. Kinachofanyika mara nyingi ni maelewano ya palepale, uchochoroni. Kwa mchuuzi wa kiume maelewano hayo huisha kwa pesa. Kwa binti, kinachoweza kudaiwa ni zaidi ya pesa, na ndizi zinaendelea kuiva juani wakati anajadiliana.

Historia ya karibuni inaonyesha mlango huu wa maelewano unafungwaje na unafunguliwaje. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kupitia wakuu wa mikoa, kimoja shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Watu walibishana sana kuhusu kodi na mpangilio wa miji, na hoja zao zilikuwa na uzito. Lakini kwa msichana mwenye sinia la mayai, kadi ile ilimaanisha kwamba mgambo hana tena la kumuuliza, na maelewano ya uchochoroni yalikosa sababu. Mwishoni mwa 2021 hali ikabadilika: wachuuzi wakaondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa maeneo yaliyotengwa. Katika maeneo hayo aliyepata kizimba alitulia. Aliyekosa alirudi kutembeza, safari hii bila hata ile kadi ya kumkinga.

Kizimba nacho kina mgawaji wake. Orodha ikiwa mfukoni mwa mtu mmoja, na nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, tunajua ni nani atakayeambiwa apite ofisini baadaye.

Kwa nini mabinti hasa? Mama lishe aliyekaa miaka 15 chini ya mwarobaini ule ule ana wateja wake, ana kikoba chake, anamjua mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa soko hula kwake. Akitukanwa, soko zima litasikia. Msichana wa miaka 19 hana hata kimoja kati ya hivyo, na ana mengi ya kupoteza akigombana. Walio chini ya miaka 18 wana hatari kubwa zaidi, ingawa sheria kwao iko wazi: kwa mtoto, hoja ya kwamba alikubali haisikilizwi mahakamani.

Sheria inasema nini

Watu wengi huamini kwamba bila damu au ubakaji hakuna kosa. Si kweli. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, baada ya kuongezewa vifungu na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ina kifungu cha 138D kinachofanya udhalilishaji wa kingono kuwa kosa la jinai, yawe maneno au vitendo. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini, au vyote viwili. Mkono uliopita dirishani na kumpapasa muuza karanga uko ndani ya kifungu hiki. Adhabu ya ubakaji huanzia kifungo cha miaka 30.

Rushwa ya ngono ina kifungu chake: cha 25 katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo, na adhabu ni faini, au kifungo, au vyote. Mgawa vizimba na mgambo wanaingia humo bila shida. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, namba 113, simu ya bure. Kwa muuza jumla wa mali kauli hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ni mtu binafsi na mamlaka yake hayajaandikwa popote. Yeye hufikiwa zaidi na kile kifungu cha 138D.

Kimataifa upo Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Nautaja kwa sababu unataja kwa jina mambo ambayo wachuuzi wamekuwa wakiyalalamikia siku zote: ulinzi ni wa wafanyakazi wote, wakiwemo wa sekta isiyo rasmi, na unahusu pia safari ya kwenda na kutoka kazini na hata sehemu wanakokwenda haja. Uganda na Rwanda zimeuridhia.

Basi kwa nini kesi ni chache? Piga hesabu ya binti mwenye mtaji wa shilingi 30,000. Siku ya kwanza kituoni haendi sokoni. Siku ya pili anaambiwa arudi kwa maelezo zaidi. Siku ya tatu mtaji umeliwa: umekuwa nauli, unga na maziwa ya mtoto. Wakati huo mtuhumiwa yuko kazini kwake kama kawaida, na huenda ndiye mwenye mzigo. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi yamesaidia sana, kwa sababu angalau binti anaeleza yake faraghani mbele ya askari aliyefundishwa. Hata hivyo dawati haliwezi kumrudishia siku tatu. Ndiyo maana kinga iliyo karibu na meza yake, inayofanya kazi siku hiyo hiyo, ina thamani kubwa kuliko adhabu kali iliyo mbali.

Sokoni penyewe

Mfano bora ninaoujua ni kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi", iliyoendeshwa na shirika la Equality for Growth katika masoko ya Dar es Salaam, Ilala na Temeke, kwa msaada wa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake, unaosimamiwa na UN Women. Walianza na matusi, kosa ambalo kila mtu alilichukulia kuwa utani wa sokoni, na naona walichagua vizuri. Wafanyabiashara wenyewe walifundishwa kuwa wasaidizi wa kisheria, hivyo anayehitaji ushauri hafungi biashara kwenda kuutafuta mjini. Anaupata meza ya tatu kutoka yake. Masoko yakajiandikia miongozo inayokataza ukatili na kutaja adhabu zake, faini au kusimamishwa kufanya biashara pale. Wanawake wakahimizwa kugombea kamati za masoko.

Tazama jinsi mpango huo unavyogusa chanzo. Mtukanaji naye ana meza, naye anategemea soko. Faini ya leo inamuuma kuliko tishio la mahakama ya mwaka kesho, na anayeitoza ni kamati anayoiona kila asubuhi. Utegemezi uliokuwa upande mmoja sasa uko pande zote mbili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria rasmi, kwa hiyo hakuna kizuizi cha kuwa nao katika kila soko la nchi.

Upungufu wake ni kwamba soko lina ukuta. Mwongozo wa soko unamlinda aliye kwenye rejista ya soko. Binti anayetembeza maji Mnazi Mmoja hayumo kwenye rejista yoyote, na yeye ndiye mdogo zaidi kwa umri na mwenye hatari zaidi. Kwake yeye uongozi unaofaa ni ule wa mahali anapouzia. Vijiwe vya bodaboda vina mwenyekiti, orodha ya wanachama na mara nyingi viakisi vyenye namba. Stendi zina viongozi wa madereva na makondakta. Vyama vya machinga vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIUMA, vina wenyeviti wa maeneo. Hawa wote wana uwezo wa kumsimamisha mtu wao kazi kwa wiki moja bila kumuuliza hakimu. Halmashauri ikikaa nao, wakaandika mwongozo mfupi kama ule wa masoko, na ikawaandikisha wanaotembeza bila kuwadai kizimba kwanza, sehemu kubwa ya barabara ingekuwa na mtu wa kumwendea. Tangu 2022 wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na jinsia ndiyo hiyo hiyo inayoshughulikia machinga, kwa hiyo hata serikalini faili hizi mbili zimeshakaa chini ya paa moja.

Pesa na nyumbani

Huko mtaani mtego mwingine ni mikopo ya kausha damu. Mkopeshaji hudai marejesho ya kila siku, na siku ya pungufu huja kumdhalilisha binti mbele ya wateja au kubeba vyombo vyake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha bila leseni ni kosa, na hilo wakopaji wengi hawaambiwi. Mbadala upo: kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa ajili ya kurekebisha mfumo, na ikarejeshwa 2024. Shida kwa binti anayetembeza ni kwamba hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti. Afisa maendeleo ya jamii wa kata akitoka ofisini akawasaidia mabinti watano kuunda kikundi, atakuwa amezuia ukatili zaidi kuliko anavyodhani, kwa sababu mwenye mtaji wake mwenyewe hana haja ya kusubiri mwenye duka afunge.

Lakini pesa peke yake haimalizi kazi, na nyumbani inaweza hata kuchochea ugomvi. Katika utafiti wa taifa wa afya wa 2022, asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 12 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mume au mpenzi ndiye mtendaji anayetajwa zaidi. Binti akianza kurudi na elfu kumi na tano kila jioni, wako wanaume wanaozihesabu, wanaozichukua, na wanaoanza kuuliza amezipataje. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iseme itakavyosema. Mali aliyoichuma mke kwa jina lake inatambuliwa kuwa yake.

Mwanza kulifanyika jaribio moja, liitwalo MAISHA, linalostahili kujulikana zaidi. Wanawake waliokuwa tayari katika vikundi vya mikopo midogo waligawanywa: vikundi vingine viliendelea na mikopo tu, vingine vikaongezewa vipindi 10 vya mafunzo kuhusu mahusiano, madaraka ndani ya nyumba na namna ya kuzungumza na mwenza. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopata mafunzo, asilimia 23 walisema wamefanyiwa ukatili na wenza wao mwaka uliotangulia; wasiopata, asilimia 27. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ilitokana na mazungumzo tu, kwa watu ambao wote walikuwa na mkopo. Tena ilihusu kipigo. Ukatili wa kingono haukupungua. Mimi nasoma hapo kwamba kikundi cha mabinti wachuuzi kikiishia kuhesabu hisa, kimeacha nusu ya kazi, na kwamba wanaume wao lazima wapatiwe mazungumzo yao pia.

Taa, choo na mtu wa jirani

Haya yanasemeka kwa ufupi kwa sababu hakuna wa kuyapinga, ila bajeti huyasahau. Taa kutoka geti la soko mpaka kituo cha daladala. Choo cha wanawake chenye komeo kwa ndani, kisicholazimu kupita nyuma ya maghala usiku. Ushuru unaolipwa kwa simu, ili mkusanya ushuru asiwe na sababu ya kumfuata binti nyuma ya meza. Orodha ya vizimba iliyobandikwa ukutani, na majina na tarehe za maombi yakionekana.

Na jirani wa meza. Anayetomasa hadharani hutazama kwanza waliozunguka watafanya nini, na kicheko chao ndicho kibali chake. Mara nyingi sentensi moja ya mwanamume mwenzake, "Kaka, muache dada auze," humaliza jambo bila ugomvi, na kuisema hakuhitaji cheo. Kama jirani anaogopa, anaweza kumwita binti kwa jina na kumtuma kitu, apate sababu ya kuondoka.

Yakishatokea

Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Hospitali ndiyo ya kwanza, na mtu aliyeumia atibiwe hata kama fomu ya polisi, PF3, bado haijapatikana. Itafuata, kwa sababu kesi itaihitaji. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Dawa za kuzuia mimba nazo ziwahiwe vivyo hivyo. Katika vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Amana, Ilala, daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja, na binti haelezi habari yake mara nne kwa watu wanne. Kama ni mtoto, namba ya bure ni 116.

Anayemsindikiza ana kazi moja zaidi ambayo huwa haikumbukwi: kuhakikisha mzigo wa binti unauzwa siku hiyo. Wenzake wakigawana beseni lile na kumletea pesa yake jioni, kesho asubuhi anaweza kurudi Dawati la Jinsia kutoa maelezo, badala ya kwenda kumwomba mwenye mzigo amvumilie.